Sembène Ousmane na Hawala ya Mama

Kitabu cha kwanza cha Sembène Ousmane nilikiona mwaka 1971, mikononi mwa mkufunzi wetu wa Kiingereza chuoni. Kilikuwa God's Bits of Wood, tafsiri ya riwaya aliyoitoa kwa Kifaransa mwaka 1960. Jalada lilikuwa limechakaa na kurasa za mwisho zimegandishwa kwa karatasi ya gundi. Mkufunzi alitupangia zamu: kila mwanachuo akae nacho siku nne, kisha ampe mwenzake. Mimi nilikaa nacho siku kumi na moja, na hilo ndilo kosa pekee la nidhamu lililoandikwa katika faili langu pale chuoni.

Kilichonichelewesha ni reli. Mimi ni mtoto wa kijiji kilicho kando ya Reli ya Kati, na marehemu baba alikuwa kibarua wa kutengeneza njia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maisha ya watu kama baba, wenye viganja vigumu na suruali zenye mafuta, yanaweza kuwa kitabu. Riwaya ile inasimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger, mgomo wa kweli uliodumu tangu Oktoba 1947 hadi Machi 1948, na jinsi njaa ilivyoingia majumbani, na jinsi wanawake walivyosimama wakati wanaume wameanza kulegea. Nilisoma kwa kamusi pembeni, na kila nilipofika mahali panapotajwa maji kukatwa au duka kufungwa nilimwona mama yangu amesimama na ndoo.

Mkufunzi alitueleza kwamba mwandishi huyo hakuwa na shahada. Sisi wanachuo tulidhani anatutia moyo tu, maana nasi hatukuwa nayo. Lakini ndiyo iliyokuwa kweli. Sembène alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegal, baba yake akiwa mvuvi. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, baada ya ugomvi na mwalimu mkuu. Husimuliwa kwamba alipigwa kofi naye akalirudisha. (Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi sijui niipokee vipi habari hiyo. Nimewahi kusaini barua mbili za kufukuza wanafunzi, na tangu niliposoma maisha ya mtu huyu hujiuliza wale vijana walikwenda kuwa nani.) Baada ya hapo alifanya kazi za mikono, zikiwemo za uashi na umakanika. Mwaka 1944 akaingizwa katika jeshi la Wafaransa, na vita vilipokwisha akavuka bahari hadi Marseille, akawa kuli wa bandarini. Huko aliumia uti wa mgongo akipakua mizigo. Alipokuwa hawezi tena kubeba magunia, alikwenda kwenye maktaba ya chama cha wafanyakazi na kusoma kila alichokikuta. Mwaka 1956 alitoa riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, habari za kuli mweusi anayeandika kitabu. Ya pili ilifuata mwaka 1957, na ya tatu ndiyo ile ya reli.

Msomaji ataona kwamba kufikia mwaka 1960 mtu huyu alikuwa amefika. Alikuwa na riwaya tatu, jina Ulaya, na nchi yake imepata uhuru. Wengi wetu tungekaa hapo na kuanza kutoa hotuba. Yeye alirudi Afrika, akazunguka nchi mbalimbali hadi Kongo, akagundua jambo ambalo pengine alilijua siku zote ila hakuwa amelipima: wale aliowaandika hawakuweza kumsoma. Mafundi wa reli, wanawake wa sokoni na wavuvi wa ukoo wake hawakujua Kifaransa cha kitabuni, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote.

Basi mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 39, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorki, chini ya Mark Donskoi. Hapo ndipo mimi, kama mwalimu, humvulia kofia. Nimewahi kuwaomba walimu wenye umri wa miaka thelathini na tano waende kozi ya wiki mbili wakaniletea vyeti vya daktari. Huyu mwandishi wa vitabu vitatu alikwenda kuketi darasani, katika nchi ya baridi na lugha ya kigeni, ili aanze tena kazi upya kabisa.

Alirudi na kamera. Mwaka 1963 alitengeneza Borom Sarret, filamu ya kama dakika ishirini kuhusu mwenye gari la kukokotwa na farasi mjini Dakar. Siku nzima anabeba watu wasiomlipa. Mwishowe abiria mmoja nadhifu anamshawishi ampeleke sehemu ya wakubwa, ambako magari kama lake yamekatazwa. Askari analichukua gari, na abiria anatoweka. Mtu anarudi nyumbani na farasi peke yake. Mkewe anamwachia mtoto mikononi na kutoka, akimwambia kwamba jioni ile watakula. Filamu inaishia hapo. Mwaka 1966 ikaja La Noire de..., ya binti wa Kisenegal anayepelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa nyumbani na kufungiwa humo mpaka anajiua. Lakini katika filamu hizo mbili maneno yalikuwa bado ya Kifaransa. Mwaka 1968 ndipo alipopiga Mandabi, na kwa mara ya kwanza watu wa Dakar walisikia filamu nzima ikisema Kiwolofu. Kwa kuwa fedha zilitoka Ufaransa ilimbidi apige na toleo la Kifaransa pia.

Neno mandabi lina maana ya hawala ya fedha. Hapa sina budi kuwaacha wasomi wa sinema na kurudi kijijini kwetu.

Hadithi yenyewe ameiandika kwanza kama riwaya fupi, kisha akaifanya filamu. Mzee mmoja asiye na kazi, Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na watoto saba, anapata hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Faranga 20,000 amtunzie, 3,000 ampe mama wa kijana, 2,000 ziwe zake. Habari zinatangulia kabla ya fedha. Majirani wanaanza kukopa, duka linaanza kumkopesha. Posta wanamtaka kitambulisho. Polisi wanamtaka cheti cha kuzaliwa na picha. Kwenye ofisi ya mji wanamtaka tarehe aliyozaliwa, naye anajua mwaka tu. Mpiga picha anamla fedha. Mwishoni ndugu mmoja aliyesoma, aliyevaa suti, anamwambia: niachie mimi, nipe idhini nikakuchukulie. Naye anazichukua, kisha anasema ameibiwa mfukoni.

Mwaka 1980 Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliitoa hadithi hiyo kwa Kiswahili ikawa tamthilia, Hawala ya Fedha. Nakala moja ilitufikia shuleni kwetu. Mwaka 1984 nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu mkuu, na jioni nilikuwa nikisimamia darasa la kisomo cha watu wazima, lile ambalo watu walizoea kuliita ngumbaru. Kwa kusema kweli darasa lilikuwa limedorora. Shauku ya mwaka 1970, tulipotangaziwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ilikuwa imepoa. Mafuta ya taa yalikuwa shida na chaki tulivunja vipande vitatu vitatu. Nikaona pengine mchezo utawarudisha watu.

Tuligawana sehemu: walimu watatu, na wanafunzi wanane wa kisomo. Mzee mwenye hawala aliigizwa na fundi seremala ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajaweza kuunga silabi. Nikawa namsomea maneno yake kila jioni, naye anayarudia. Ndani ya wiki mbili alikuwa anayajua yake na ya wenzake, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa na kitabu mkononi ndiye aliyekuwa akisahau. Nilicheka tu wakati ule. Sikujiuliza kilichokuwa kikionyeshwa mbele ya macho yangu.

Tulicheza siku ya wazazi, chini ya mwembe. Watu walijaa. Walipofika mahali mzee anapozungushwa maofisini watu walianza kumjibu karani badala yake. Mwanamke mmoja alisimama na kumtaka mwalimu wa hesabu, aliyekuwa karani, aone haya. Mama yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele kwa heshima ya kuwa mama wa mwalimu mkuu. Nilimwona hacheki.

Usiku, nilipomsindikiza nyumbani, alinyamaza mpaka karibu na mlango. Kisha akaniambia, "Baba, jambo lile na mimi lilinikuta."

Ilikuwa mwaka 1973. Nilikuwa nimeajiriwa mkoa mwingine, na katika mishahara yangu ya kwanza nilimtumia shilingi sitini kwa hawala ya posta. Nilijivuna sana siku ile. Nilijaza fomu kwa hati nzuri ya chuoni, na mahali pa jina la mpokeaji niliandika jina lake la ubatizo na jina la marehemu baba, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kwamba jina kamili la mwanamke aliyeolewa huandikwa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu duniani aliyekuwa akimwita mama jina hilo. Kadi yake ya TANU ilikuwa na jina alilopewa na bibi yake, pamoja na jina la baba yake mzazi. Alipofika posta ya wilayani, mwendo wa saa nne kwa miguu, karani alisoma hawala, akasoma kadi, akamwambia kwamba fedha hizi si zake, ni za mtu mwingine.

Alikwenda mara tatu. Mara ya pili alikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi, na ikakosa mhuri. Mara ya tatu alikuta mtu kivulini nje ya posta, kijana aliyevaa vizuri na mwenye kalamu mfukoni, aliyejitolea kumtambulisha kwa karani. Mama alitia dole gumba mahali alipoonyeshwa. Alipewa shilingi thelathini na tano. Kijana akamwambia nyingine ni za mihuri.

Kisha akamtafuta mtoto wa shule amwandikie barua ya kunishukuru. Barua hiyo ninayo mpaka leo. Inasema fedha amezipata zote, Mungu anibariki, niendelee na kazi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambiaje? Ungetambua kwamba umekosea kuandika, na wewe ndiyo kwanza umekuwa mwalimu." Akaingia ndani.

Nimeifikiria jioni ile kwa zaidi ya miaka arobaini. Yule kijana wa kalamu mfukoni ni mwizi, na karani labda alifuata sheria zake. Aliyemwandika mama yangu jina lisilo lake ni mimi, kwa hati nzuri. Na nilikuwa nimeisoma hadithi ya Dieng kwa Kiingereza miaka kadhaa kabla ya kuuchezesha mchezo ule, nikapigia mistari, hata nikaandika pembeni "urasimu". Haikunijia kabisa kuuliza nyumbani kwangu. Ilibidi isemwe kwa sauti, chini ya mwembe, kwa lugha ambayo mama anaisikia, ndipo aliye na habari aitoe.

Kuhusu majina, naongeza jambo moja dogo. Yeye mwenyewe alijiandika Sembène Ousmane, jina la ukoo mbele, kwa desturi ya ofisi na shule za Kifaransa zilivyomwita, na vitabu vyake vilitoka hivyo. Wengine humgeuza wakaandika Ousmane Sembène. Nadhani mtu aliyeandika Mandabi alijua uzito wa kuitwa na karani.

Sitaki msomaji afikiri kwamba baada ya kushika kamera mambo yake yalinyooka. Katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa kule Afrika Magharibi, usambazaji wa filamu ulikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa makampuni mawili ya kigeni, na majumba ya sinema yalionyesha filamu za Marekani, India na Ufaransa. Filamu za Mwafrika zilishangiliwa Ulaya, zikapewa tuzo Venice, na kwao zikakosa pa kuonyeshwa. Yeye akawa anazibeba mwenyewe, anakwenda mjini na vijijini, anaonyesha, kisha anakaa kubishana na watazamaji. Alikuwa akiiita sinema shule ya jioni. Mimi niliyesimamia darasa la jioni kwa taa ya chemli, naelewa kwamba hakulisema hilo kama pambo.

Kalamu hakuitupa. Xala, kejeli juu ya tajiri mpya anayepoteza nguvu zake za kiume usiku wa harusi ya mke wa tatu, ilikuwa riwaya mwaka 1973 na filamu baadaye kidogo. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 alishirikiana pia na Pathé Diagne kutoa gazeti la Kiwolofu lililoitwa Kaddu. Na ugomvi wake na serikali ya Senghor nao ulifikia katika herufi. Filamu yake Ceddo ya mwaka 1977 ilizuiwa Senegal, na sababu iliyotolewa ni kwamba neno hilo kwa sheria ya uandishi liandikwe kwa d moja, naye ameweka mbili. Inaaminiwa na wengi kwamba sababu hasa ilikuwa kile filamu inachosema juu ya dini na utawala. Lakini yeye hakuondoa herufi. Nimesahihisha imla maisha yangu yote, na hiyo ndiyo kesi pekee ya tahajia ninayoijua ambapo aliyekosolewa ninamuunga mkono.

Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, alitengeneza Camp de Thiaroye, juu ya askari Waafrika waliorudi kutoka vitani Ulaya, wakadai malipo yao, wakapigwa risasi na jeshi lile lile la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944. Moolaadé, ya mwisho, ni ya mwaka 2004. Aliipiga Burkina Faso akiwa na umri wa miaka themanini na ushee, na ni habari ya mwanamke anayewakinga wasichana wadogo wasikeketwe kwa kufunga kamba ya rangi mlangoni. Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007. Filamu aliyoiota kwa miaka mingi, ya Samori Touré, hakuipiga.

Mandabi yenyewe sikuwa nimeiona. Niliisoma, niliichezesha, niliisimulia darasani. Kuiona sikuwahi, mpaka mwaka juzi mjukuu wangu alipokuja likizo na kompyuta yake. Tuliiweka juu ya kigoda, sebuleni. Dada yangu mkubwa alikuwa kwangu kwa ajili ya macho yake, ambayo alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hajawahi kujua kusoma. Zamu yake ya shule niliipata mimi, mtoto wa kiume.

Filamu inasema Kiwolofu, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Nikajiona nina kazi. Nikasogeza kiti, nikavaa miwani, nikaanza kumtafsiria dada kila mstari kwa sauti ya darasani. Mzee Dieng ananyolewa barabarani, nikamwambia ananyolewa. Dieng akamtolea mtu salamu, nikataka kuitafsiri, dada akasema, "Salamu aleikum naijua." Tukaendelea. Tulipofika posta, mzee amesimama mbele ya dirisha na karatasi yake, karani hamtazami, nikapotea kidogo katika maandishi, maana yalikuwa yakipita upesi. Nikamwomba mjukuu arudishe nyuma.

"Usirudishe," dada akasema. "Na wewe mwalimu, nyamaza kidogo. Ninaona."

Nikavua miwani. Kwa muda wa nusu saa hivi hakuna aliyesema. Dada aliguna mara moja, mpiga picha alipomsukuma mzee. Alipotokea yule ndugu mwenye suti na gari, akacheka kwa puani kabla hajafungua mdomo. Mjukuu akanitazama kuona kama nimemdokezea. Sikuwa nimemdokezea.

"Huyo ndiye," akasema dada. "Mama alisema alikuwa na kalamu mfukoni."

Sikujua kwamba mama alikuwa amemweleza. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ile ile aliyorudi na zile thelathini na tano, kwa maana shilingi tano kati ya hizo alipewa yeye anunue sabuni. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kompyuta, akataka tusimkatize, aone kama yule mzee atamfuata ndugu yake amdai.